Kikombe Kimoja cha Maji ya Tangi

Viputo havikuisha, na hilo ndilo lililomtia shaka mhariri wa video. Yeyote aliyewahi kupoza kompyuta kwa maji atakuambia: siku ya kwanza mirija hunguruma kama tumbo lenye njaa, siku ya pili hewa hutoka, kisha kimya. Hii ilikuwa siku ya tisa.

Kimya ndicho alichokitafuta, maskini. Miezi minne nyuma alikuwa hapo hapo sebuleni akihariri harusi ya watu, kadi ya picha ya kompyuta imechemka, feni zake zinavuma kama mashine ya kusaga, wakati binti yake Kidoti, mwenye miaka sita, alipomwita kutoka ndani ya tangi la uani. Hakusikia. Jirani wa nyuma ya ukuta alisikia, lakini alipozunguka na kufika, mambo yalikuwa yamekwisha.

Tangu hapo mkewe hakuivumilia sauti ya feni. Ikianza tu, alitoka nje na kuziba masikio. Basi mume akazing'oa, akaifungia kadi ile pampu ndogo na mirija ya maji. Maji ya betri aliyonunua yalipungua kikombe kimoja. Alijua fika kwamba maji mengine hayafai, lakini haraka haraka haina baraka: akafunua tangi lile, ambalo hakuna aliyeligusa tangu msiba, akachota.

"Unasikia?" mkewe alinong'ona mchana huo, ameketi sakafuni kando ya kompyuta.

"Ni hewa tu, Mama Kidoti."

"Hewa haihesabu, mume wangu."

Akainama. Sabuni ya mtoto ilinukia, ile waliyoitupa wenyewe baada ya mazishi, na ndani ya mirija kiputo kilipanda kikasema moja, kingine mbili, kingine tatu, kisha tano, kwa sababu Kidoti aliruka nne siku zote na hakuna aliyewahi kumrekebisha akasikia.

"Usiizime," mkewe alisema. Alikuwa anatabasamu. Vidole vyake vilikunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua, na nywele zake zilidondosha maji.

Mganga aliyeitwa, mwanamama wa maneno machache, aligoma kuvuka kizingiti.

"Huyo si mwanenu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini wa tangi. Alimchukua mtoto, akabaki na sauti yake, sasa anamvuta mama. Uliyemwingiza ndiye umtoe. Mwaga juani, tone lisibaki."

Mhariri alimsindikiza hadi getini, akarudi, akachomoa mrija na kuweka jagi chini yake. Maji yalitoka ya baridi, ingawa kadi ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi, na kadiri yalivyotoka ndivyo sauti ilivyozidi kukaribia, ikimwita baba, baba usinimwage, baba kuna giza, naye analia kwa sauti kama mtoto, lakini hakuachia jagi mpaka mrija ulipokauka.

Siku ya kufunga pampu iliingia lita moja. Sasa kwenye jagi ilipungua kikombe kimoja.

Mkewe alisimama mlangoni na kikombe kitupu, akifuta midomo.

"Ulipokwenda getini," alisema taratibu. "Nisamehe. Nilishindwa."

Yale ya jagi aliyamwaga juani, yakakauka. Alasiri mkewe alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Kompyuta ilikuwa imezimwa, lakini kifuani mwa mama yule viputo vilipanda: moja, mbili, tatu, tano. Kisha, kwa mbali sana, "Baba?"

Mhariri alikuwa na namba ya mganga kwenye simu. Aliitazama hadi kioo kikazimika chenyewe. Akapiga magoti, akalaza sikio kwenye kifua baridi cha mkewe.

"Naam, mwanangu," alisema. "Leo nakusikia."