Alama za Chaki

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shuleni, Anyesi alisugua ndoo za maziwa za Bibi Salvina kwa majivu na maji ya moto. Alipomaliza, Bibi alipitisha kidole ndani ya kila ndoo, akakinusa, kisha akasema ama "Vema" ama "Rudia." Neno la pili ndilo lililosikika mara nyingi zaidi. Kwa malezi hayo, Anyesi hakuweza kuona uchafu akaupita.

Ndoo zikiwa safi, baba yake mdogo, Emilian, alizipakia pamoja na za majirani katika gari lake kuukuu, akaziteremsha Moshi mjini. Majirani wengi wa Kilema walilitegemea gari hilo. Siku liliposhindwa kuwaka, maziwa yao yaliganda nyumbani.

Jumamosi moja Emilian alirudi na mkanda mpya mweusi wenye meno, ameuvaa shingoni kama mkufu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bibi Salvina. "Huu ndio mkanda wa taimingi. Ule wa zamani umepitisha kilomita zake. Ukikatika njiani, injini inakufa."

"Marahaba. Basi mpelekee Basili aufunge."

Emilian alikunja uso. Basili alikuwa fundi wa magari na rafiki yake tangu utotoni. Lakini katika sherehe ya ubatizo, Krismasi iliyopita, Basili ndiye aliyegawa nyama ya mbuzi, naye alimpa Emilian shingo badala ya kidari, fungu la heshima. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

"Siendi kwa mtu aliyenipa shingo mbele ya wakwe zangu," alisema Emilian. "Nitaufunga mwenyewe. Nimetazama video kwenye simu. Kijana mmoja aliufunga huku anatafuna muwa."

"Wewe uliwahi kufunga nini?"

"Bawaba za banda la ng'ombe nilizifunga mimi, mama."

"Ndiyo maana ng'ombe wangu hutoka apendapo," alijibu Bibi.

Jumapili, baada ya misa, Emilian alilisimamisha gari uani, akafungua boneti na kuanza kazi. Boliti alizitia katika sufuria ya Bibi. Kabla ya kuutoa mkanda wa zamani, alichukua chaki kutoka kwenye mkoba wa Anyesi, akachora mstari mmoja mmoja juu ya magurudumu mawili ya meno yanayoshikwa na mkanda huo. Kisha akautoa, akaondoka kwenda kuazima spana kwa jirani.

"Anyesi!" aliita akiwa njiani. "Angalia kuku wasipande juu ya injini!"

Anyesi alikuja kuangalia kuku, lakini macho yake yaliona jambo baya zaidi. Magurudumu yale yalikuwa meusi kwa mafuta ya miaka mingi, tena mtu asiye na adabu alikuwa ameyachorachora kwa chaki. "Bibi akiona haya!" alijisemea. Alileta sabuni, majivu na kitambaa, akasugua kwa bidii. Mara gurudumu la juu likaruka ghafla mkononi mwake, kama ng'ombe aliyeguswa ubavuni. Anyesi alishtuka kidogo, akaendelea. Alipomaliza, chuma kiling'aa kama ndoo ya maziwa.

Emilian aliporudi, chakula kilikuwa tayari. Majirani wawili watatu walikuwa wamefika kutazama kazi, nao wakakaribishwa machalari ya ndizi na nyama. Emilian, mdomo umejaa ndizi, alitoa mhadhara.

"Siri yote ni zile alama zangu mbili za chaki. Magurudumu yakikaa sawa, pistoni na valvu hupishana kwa zamu. Yakikosea hata meno machache, ukawasha, pistoni hugonga valvu, na valvu hupinda kama misumari. Hapo huna gari tena. Una banda la kuku."

Kipande cha ndizi kilikwama kooni mwa Anyesi. Bibi alimpiga mgongoni, kikashuka. Lakini ukweli ulibaki palepale ulipokwama.

Baada ya chakula, Emilian aliinama juu ya injini, akapepesa macho. "Chaki imekwenda wapi?" Aliwatazama majirani waliokuwa wakimtazama, akajikohoza. "Si neno. Magurudumu hayajasogea. Chaki ilikuwa ya watu wasiojiamini."

Akavalisha mkanda mpya, akafunga mfuniko, akaingia garini. Akarekebisha kioo kana kwamba anakwenda Dar es Salaam. Anyesi aliwaza: akisema, atachapwa au atachekwa. Asiposema, kesho maziwa ya majirani wote hayatakwenda mjini, wala kesho kutwa.

Mkono wa Emilian ulipoelekea kwenye ufunguo, Anyesi alikimbia hadi mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akachuma jani la isale. Kila Mchagga anajua kwamba anayekuja na jani hilo kuomba msamaha hafukuzwi. Alirudi mbio, akalipenyeza dirishani.

"Baba mdogo, usiwashe! Niliyasugua mimi! Moja liliruka!"

Emilian alilipokea jani, maana hakuwa na njia nyingine.

"Liliruka kiasi gani?"

"Sijui, baba mdogo. Lilikuwa na povu."

Emilian aliuchomoa ufunguo polepole, akashuka. Hakumpiga wala hakumkaripia. Alikuwa akitafakari banda la kuku.

"Jani hilo bado bichi," alisema Bibi Salvina. "Na kwa Basili unakujua."

"Mama, alinipa shingo!"

"Na majirani hawa kesho utawapa nini?"

Emilian aliteremka kilima na jani lake mbele, Anyesi nyuma yake. Basili alikuwa barazani ananyoa ndevu. Alipoliona jani, wembe ulisimama hewani.

"Isale? Nani amekufa?"

"Injini, bado kidogo," alisema Emilian. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimenuna mwaka mzima kwa ajili ya nyama."

Basili alilipokea jani, akaliangalia, kisha akamrudishia. "Nisamehe na wewe. Kile kidari nilikila mimi, nyuma ya nyumba."

Wakacheka hadi povu la sabuni likamwingia Basili mdomoni.

Walipofika uani, Basili alifungua mfuniko, akamulika ndani kwa tochi. "Nani ameosha hapa?" Anyesi akajificha nyuma ya mgomba. "Njoo uone, binti! Tazama hiki kijialama kilichochongwa kwenye chuma, na mwenzake huyu. Hizi ndizo alama za kiwandani. Zilikuwa zimefunikwa na mafuta. Chaki ya nini?"

Gurudumu la juu lilikuwa limesogea meno kadhaa. Basili aliliweka sawa, akauvalisha mkanda na kuukaza. Kisha, kabla ya mtu kugusa ufunguo, aliizungusha injini kwa spana, polepole, mizunguko miwili, akazikagua alama tena. Ndipo alipomwashiria Emilian awashe. Injini ikawaka mara moja, majirani wakapiga makofi.

"Kujifungia mkanda si kosa," Basili alimwambia Emilian. "Ila mtu awe anazijua alama, ana vifaa vyake, na anazungusha kwa mkono kabla ya kuwasha. Ukikosa kimoja, niite."

Bibi Salvina alimgeukia Anyesi. "Nawe usidhani kosa lako lilikuwa kusugua. Kosa lilikuwa kula ndizi zangu kimya huku unajua. Ukweli uliosemwa kabla ya ufunguo kuzungushwa umetuokolea gari. Ungeusema baadaye, ungekuwa taarifa ya msiba tu. Siku nyingine usingoje hadi mkono ufike kwenye ufunguo."

"Ndiyo, Bibi."

Emilian, kwa furaha, alinyoosha mkono kuchukua ndizi iliyobaki katika sufuria ya chakula. Bibi aliudaka mkono huo, akapitisha kidole kiganjani, akakinusa.

"Rudia," alisema.