Sabuni Kwenye Ekseli

Gikomba ilikuwa imejaa mikokoteni fundi Naftaly alipomkimbilia dereva wa pikapu, suruali yake pana ya bugaluu ikipepea.

"Dada, simama! Gurudumu la nyuma linatokwa na oili!"

Mukai akashuka. Gauni lake la maua ya manjano lilimfanya fundi asahau alichotaka kusema. Akainama, akagusa ndani ya gurudumu, akamwonyesha vidole vyeusi.

"Sili ya ekseli, ule mpira unaozuia oili, imekufa. Oili ikilowesha breki, utasimamia mtoni."

"Yesu wangu! Na nimebeba mbaazi za baba!"

Kwenye gereji yake ya Shauri Moyo, Naftaly alitoa sili kuukuu, mpira wake mgumu kama soli. Mpya aliipaka oili, akaelekeza ukingo wake ndani, akaigonga polepole kwa kipande cha mbao.

"Unaibembeleza kama mtoto," Mukai akamtania.

"Ukiipiga kwa hasira inapinda."

"Mkeo ana bahati."

"Bado namwomba Mungu anipe."

Wakapendana. Kila jioni simu ya duka jirani na gereji ililia, Mukai akiuliza: "Mpenzi, umekula?" Hatimaye Mukai akamwambia aje Jumamosi aonane na baba yake.

Alhamisi, kwenye mteremko, breki zilikataa. Pikapu ikavunja kibanda cha mboga. Mungu alisaidia, hapakuwa na mtu kibandani.

"Ulitaka kuniua!" Mukai alilia kwenye simu ya sokoni, watu wakimsikiliza. "Oili imejaa gurudumuni tena! Baba amesema usikanyage kwetu!"

Naftaly akairudisha simu mahali pake. Aliomba, kisha akaenda Ziwani kwa kina Mukai, akaingia chini ya gari bila kukaribishwa.

"Mukai, nani ameziba hiki kitundu juu ya ekseli?"

"Mimi. Kilikuwa kinatoa jasho la oili, nikaziba kwa sabuni, kama tunavyoziba tangi likivuja. Sikutaka kukusumbua."

"Mpenzi, ekseli ikipata moto inapumulia hapo. Ukiziba, hewa inaisukuma oili hadi inapita kwenye sili."

Mukai akashika mdomo kwa mikono miwili. "Nimekuita muuaji mbele ya soko zima!"

"Na kwenye simu."

"Usicheke! Ningeua mtu mimi!"

Naftaly akafuta mikono. "Basi, Jumamosi nije?"

"Usije."

Naftaly akaanza kukusanya spana zake.

"Twende kwa baba sasa hivi. Asikie kwangu kwamba kosa ni langu, na kwamba asipokukubali, sitaolewa na mwingine."

Naftaly akaketi palepale kwenye oili, na yeye aliyezoea kumwomba Mungu akakosa hata amina.