Mguu wa Unga

Alfajiri ya Tunduma ina baridi ya kukata masikio, lakini baridi haikuwahi kuzuia mchakamchaka. Jua likiwa bado halijachomoza upande wa stesheni ya reli, wanafunzi walishajipanga mistari, miguu peku, wanatimua vumbi kuizunguka shule. Mbele anakimbia kiongozi wa wimbo. Yeye anarusha neno, wengine wanadaka.

"Shamba letu!"

"Tulimeee!"

"Na uvivu?"

"Tuuzikeee!"

Zamani kiongozi huyo alikuwa Zaitun, binti wa Seleman dereva wa lori. Sauti yake ilikuwa kali kama filimbi. Madereva waliolala mpakani wakisubiri kuvuka kwenda Zambia walikuwa wakiamshwa na sauti hiyo. Sasa Zaitun alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na mlingoti wa bendera, magongo mawili mapajani, mguu wa kulia umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa. Mbele alikuwa anakimbia Nesta. Nesta hakuwa na sauti. Alikuwa na miguu miwili tu.

Mambo yalianza na teke. Walikuwa wanacheza mpira wa matambara, Zaitun akapigwa teke la ugoko. Ugoko ukavimba. Hakusema nyumbani, maana alijua atakatazwa kukimbia. Homa ilipokuja, akasema ni malaria. Ugoko ukapasuka, ukatoa usaha, ukafunga, ukapasuka tena. Mama yake, Mwanaisha, alipouona alishika kichwa. Wakaweka majani. Wakaweka tumbaku. Jirani mmoja akaleta mafuta ya breki, akaapa kwamba yanakausha kidonda chochote. Hayakukausha kitu. Siku kipande cha mfupa chembamba kama njiti ya kiberiti kilipochomoza kwenye kidonda, Seleman hakuuliza mtu tena. Alimpakia binti yake kwenye lori, akakanyaga mafuta mpaka hospitali ya misheni.

Huko walimkuta Daktari Boazi, kijana mfupi asiyezungukazunguka katika maneno.

"Mfupa umeoza kwa ndani," alisema. "Nimetoa vipande vyote vilivyokufa. Limebaki shimo. Nikiliacha hivyo, siku atakayoukanyaga mguu utavunjika. Kawaida tunachota mfupa kidogo kwenye nyonga, tunajazia. Lakini shimo ni kubwa, na mtoto mwenyewe ndiye huyu, mwembamba hivi. Nyonga ya kuchota hana."

"Kwa hiyo?" aliuliza Seleman.

"Mganga mkuu anasema tukate. Mimi nimeomba nijaribu kitu nilichojifunza nilipokuwa masomoni ng'ambo. Tunachukua unga wa hogo, ule mweupe, tunausafisha kwa moto. Tunauchanganya na unga wa dawa ya kuua vijidudu. Tunafinyanga punje kama za mahindi, tunazipanga ndani ya shimo."

Seleman alimtazama kama mtu anayetazama fundi asiyemwamini. "Daktari, unataka kunijazia mtoto chokaa kama ukuta?"

"Si ukuta, mzee wangu. Daraja. Wewe dereva, umewahi kuona mafundi wakijenga daraja la mawe?"

"Nimeona."

"Wanaanza na nini?"

"Wanaweka miti chini. Mawe yanalala juu ya miti. Yakishashikana, miti inatolewa."

"Basi unga wangu ndiyo miti. Unashikilia nafasi. Dawa inavuja kidogokidogo, inaua wadudu waliobaki. Unga nao unayeyuka polepole, na mfupa wa mtoto unaota kufuata nyuma yake. Mwisho unga haupo, pamebaki mfupa. Sasa niambie, daraja likiwa bado liko juu ya miti, utapitisha lori?"

"Hata baiskeli sipitishi."

Daktari akamgeukia Zaitun. "Umemsikia baba yako? Usikanyage mpaka nikuambie. Na mama, ukisafisha kidonda ukaona majimaji meupe, usiogope. Ni unga unaoyeyuka. Si usaha."

Kitanda cha jirani alilala Isaka, mtoto wa milimani kule Isongole, ugonjwa uleule, ugoko uleule. Yeye alikuwa anashikiliwa na sindano tu. Mganga mkuu alikuwa ameshatoa uamuzi: picha ya eksirei ya Zaitun ikionyesha mfupa umeshika, na Isaka atajazwa unga. Usiposhika, mguu wa Isaka unakatwa, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa unapanda kuelekea gotini na hawezi kungojea zaidi.

Isaka alikuwa mtu wa mzaha hata akiwa na homa. Siku Zaitun anaruhusiwa alimvuta shuka. "Wee mtu wa mpakani, usiniangushe. Mguu wangu umo ndani ya mguu wako."

"Wako mchafu, utanichafulia wangu," alijibu Zaitun, na wote wakacheka.

Nyumbani alitulia mwanzoni. Kisha Mwalimu Anyelwisye akatangaza kwamba Mwenge wa Uhuru utapita Tunduma, na shule itatoa halaiki na nyimbo. Kiongozi wa nyimbo atakuwa Nesta. Toka hapo Zaitun hakutulia tena. Kila asubuhi pale juu ya jiwe alisikia wimbo wake ukichechemea, naye akiung'ata mdomo.

Asubuhi moja mwalimu alikuwa ameingia ofisini, wanafunzi wakapumzika karibu na jiwe. Nesta akamwelekezea kidole.

"Jamani, mwangalieni mguu wa unga! Mama yake akiuogesha kwa maji ya moto, jioni wanakula ugali!"

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nesta akaanzisha wimbo papo hapo: "Mguu wa unga!" Wakadaka: "Tusongeee!"

Zaitun alichukua magongo, akajikokota mpaka nyuma ya vyoo. Hogo lake lilikuwa la nusu, limekaa upande wa nyuma tu na kuzungushiwa bandeji ili kidonda kiweze kusafishwa. Akafungua bandeji. Akalivua hogo, akaliegemeza ukutani. Mguu ulikuwa mwembamba na mweupe kwa magamba. Akaukanyagia. Haukuuma. Akaukanyagia tena. Kisha akatoka mbio.

"Shamba letu!" alipaza sauti.

Shule nzima iligeuka. Hata Nesta alidaka, "Tulimeee!" kabla hajajua anafanya nini. Wakamfuata. Zaitun alizunguka uwanja mara moja, upepo masikioni, sauti ikipasua anga kama zamani. Kwenye kona ya shamba la shule alisikia kitu ndani ya ugoko kikilia, ka, kama mtu aliyevunja bua kavu.

Hakuanguka. Alichechemea mpaka nyuma ya vyoo, akalivaa hogo, akakaza bandeji kwa meno. Mwalimu Anyelwisye alipotoka ofisini alimkuta yuko juu ya jiwe lake, jasho linamtiririka.

"Mbona umelowa hivyo, Zaitun?"

"Jua, mwalimu."

Jua lenyewe lilikuwa halijapanda hata juu ya mapaa. Lakini hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Kumchongea mwenzako shuleni pale kulikuwa kubaya kuliko kuiba.

Mama yake aliposafisha kidonda aliona majimaji meupe yamechanganyika na damu. Akakumbuka maneno ya daktari, akasema ni unga unaoyeyuka. Zaitun akatingisha kichwa kukubali.

Siku ya kurudi hospitali walipanda lori la baba. Kila shimo la barabarani lilimpiga Zaitun ugokoni, naye akimeza kilio. Hospitali walimpiga picha ya eksirei. Daktari Boazi aliinua picha dirishani, akaitazama. Akaisogeza karibu. Uso wake ukasawijika.

"Zaitun, umeukanyagia mguu huu?"

"Hapana, daktari."

"Hukuanguka?"

"Hapana."

"Mama?"

"Wallahi, daktari, mwanangu hakuuweka chini. Nilimlinda kama yai," alisema Mwanaisha. Naye alikuwa anasema kweli anayoijua.

Daktari alishusha picha. "Basi unga umeshindwa. Pamepasuka katikati." Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nitamweleza mganga mkuu. Wewe tutakufunga tena, tuone. Lakini Isaka hatuwezi kumngojea. Kesho atakatwa."

Zaitun alipelekwa wodini. Isaka alikuwa palepale, amekonda, macho makubwa. Pembeni yake alikaa mama yake, Leah, anakunja na kukunjua kitenge chake. Walikuwa wameshaambiwa.

"Mtu wa mpakani," alisema Isaka, "saizi yako ya kiatu ni ngapi? Nitakuwa na kimoja cha ziada."

Safari hii hakuna aliyecheka. Leah aligeukia ukutani. Zaitun aliona mabega yake yakitikisika.

Mguu wa Isaka ulikuwa umetokeza nje ya shuka, vidole vinachezacheza kama vya mtoto yeyote. Zaitun alivitazama. Alimfikiria baba yake, ambaye angemtoa ngozi. Alimfikiria mama yake, ambaye alikuwa ameapa kwa Mungu kwa ajili yake. Akavitazama vidole tena.

"Daktari!" alipiga kelele kwa ile sauti ya mchakamchaka. "Daktari Boazi! Nilikimbia! Unga haujashindwa! Nililivua hogo nikakimbia!"

Daktari alikuja mbio. Mwanaisha alitangulia kufika, mkono juu. "Umeniapisha uongo mbele ya watu!"

"Mama, ngoja kwanza," alisema daktari, akausukuma mkono kando taratibu. "Zaitun, lini? Ulikimbia umbali gani? Ulisikia nini?"

Zaitun akasimulia yote: ugali, vyoo, shamba la shule, ule mlio wa bua kavu. Hakuficha hata kidogo. Daktari alitoka bila kuaga. Alirudi na mganga mkuu, mzee mwenye miwani minene, na ile picha mkononi.

"Tazama hapa na hapa," Daktari Boazi alimwonyesha. "Ncha zote mbili mfupa mpya umeingia. Wadudu hakuna. Ufa uko katikati tu, pale ambapo palikuwa bado laini. Mimi nilidhani mfupa ulikuwa unakataa unga. Kumbe ulikuwa unakubali, mwenye mguu akaupasua."

Mganga mkuu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akamwangalia Zaitun.

"Una uhakika ulikimbia, binti? Hutaki tu kumwokoa rafiki yako?"

"Shule nzima iliniona, shikamoo," alisema Zaitun, salamu ikiwa imechelewa.

"Marahaba." Mzee akamgeukia Leah. "Mama, kesho hatukati. Kesho tunajaza."

Leah alipiga magoti kando ya kitanda cha Zaitun, akamshika mikono yote miwili. "Ndaga, mwanangu. Ndaga." Zaitun alitamani ardhi ipasuke. Hakujiona mtu wa kushukuriwa.

Zaitun alifungwa hogo zima, la kuzunguka mguu wote, lisilovuliwa. Siku ya Mwenge alikuwa juu ya jiwe lake. Mwalimu Anyelwisye, ambaye sasa alikuwa ameshajua habari yote, alimkemea kwa kumdanganya, akamkemea Nesta kwa ulimi wake, akawakemea wengine kwa kunyamaza. Kisha akasema, "Nesta ana miguu. Zaitun ana sauti. Shule ni moja." Basi Nesta akaongoza mbio, na Zaitun akarusha maneno pale alipokaa. Wimbo haukuchechemea.

Iliwachukua muda mrefu. Mvua zilikuja, mahindi yakavunwa, ndipo Zaitun akapigwa picha ya mwisho. Safari hii Daktari Boazi alipoiinua dirishani alipiga mluzi. Pale palipokuwa na shimo palikuwa na mfupa. Unga haukuonekana tena.

Isaka naye alikuwapo, amekuja na mama yake kupimwa, gongo moja tu kwapani.

"Kiatu changu ninakihitaji," alimwambia Zaitun. "Samahani, utanunua chako."

Daktari aliwakalisha wote wawili kwenye benchi, akawapa picha zao wazitazame.

"Picha hii haiongopi," alisema. "Lakini haisemi yote. Ilinionyesha ufa, haikuniambia aliyeupasua. Hapo daktari anabaki na kinywa cha mgonjwa tu. Zaitun, teke ulilificha, ukapoteza mfupa. Mbio ulizificha, ukapasua mwingine. Huo ulikuwa mguu wako, na maumivu yalikuwa yako. Lakini siku uliponidanganya, kisu kilikuwa kinakwenda kwenye mguu wa mtu mwingine. Mnanielewa? Mgonjwa akimdanganya daktari, anayeumia anaweza kuwa mtu wa kitanda cha pili."

"Ndiyo, daktari," alisema Zaitun.

"Sasa simama. Bila gongo. Polepole."

Zaitun alisimama. Alimtazama baba yake aliyekuwa mlangoni na ufunguo wa lori mkononi. Kabla hajaukanyagia mguu, akauliza kwa sauti ndogo ambayo Tunduma haikuwahi kuisikia:

"Daktari, naruhusiwa kukanyaga?"

"Kanyaga," alisema Daktari Boazi. "Daraja limeshikana."