Nilimlisha Gerezani, Kumbe Yuko Randburg

Nina umri wa miaka arobaini na moja, mama wa binti mmoja, na hapa Johannesburg niliingia nikiwa mke halali wa mtu. Naanza na hilo kwa sababu wapo watakaosema nilikuwa hawara. Sikuwa hawara! Niliolewa Morogoro, mbele ya wazazi wangu, na Vusi, Msauzi aliyekuja kwetu kama mkimbizi wa siasa enzi za makaburu. Nchi yao ilipokombolewa akaniambia sasa twende kwetu. Nikafunga mizigo, nikamwacha mama yangu mjane, nikamfuata.

Mwanzo hatukuishi vibaya. Tulipanga chumba Jeppestown, Vusi akafungua gereji ndogo, mimi nikawa nakaanga maandazi, ambayo wenyeji wanayaita magwinya, nikiwauzia mafundi na wanaume wa hosteli za vibarua. Jambo moja tu lilininyima raha... kibali changu cha kukaa kiliisha, na kila nilipomkumbusha Vusi twende tukakishughulikie, alisema kesho.

Kisha polisi wakaja gereji, wakakuta injini za magari ya wizi. Vusi akapelekwa mahabusu.

Nilitaka kukimbilia gerezani siku ileile. Aliyenizuia ni wifi yangu Dudu, dada yake Vusi, anayekaa Malvern. Yeye huniita makoti, ndivyo Wazulu wanavyomwita mke aliyeolewa kwenye ukoo.

"Makoti, una wazimu? Getini wanadai karatasi! Watakukamata na wewe, mtoto abaki na nani?"

Akasema pesa nimpe yeye, atakuwa anampelekea. Kuna dirisha la kulipia, akaeleza, halafu mfungwa ananunua sabuni, mkate, kadi ya simu. Nilimshukuru kama malaika...

Basi kila mwisho wa mwezi nikawa nampa Dudu. Nilikaanga mpaka mikono ikababuka kwa mafuta. Binti yangu Nomsa alikwenda shule na viatu vilivyopasuka, nikamwambia avumilie, baba yake analala sakafuni. Naye Vusi alikuwa akipiga simu, sauti ya chini, ya haraka haraka: ahsante mke wangu, Mungu akubariki. Nani asingeamini?

Ndipo kaka yangu akapiga kutoka Morogoro. Mama amepata kiharusi, ananiulizia. Nikaanza kuweka nauli ya basi. Mambo ya mpakani nilisema nitayajua hukohuko. Nauli ilikuwa imeshatimia, begi nimeshalifunga, Vusi akapiga analia. Ndani kuna genge linamdai pesa, alisema, asipolipa Ijumaa watamchoma kisu.

"Mama Nomsa, usiniache nife!"

Ungefanya nini, ndugu msomaji? Mama mgonjwa huku, mume anachomwa kisu kule... Nilijiambia mama atanisubiri. Nikampa Dudu nauli yote. Aliipokea, akanisifu, eti mimi ndiye mke wa kweli.

Mama hakunisubiri. Alizikwa bila mimi. Kaka yangu aliniambia kwamba siku zile za mwisho, kila mlango ulipofunguliwa, mama aligeuza macho.

Baada ya msiba, mwanamke mmoja wa kanisani kwetu, Mrundi mshona nguo tunayemwita Mama Divine, alinihangaikia hadi kibali changu kikatoka. Yeye ndiye aliyeniuliza, "Dada, weye ulishamuona huyo bwana na macho yako?" Nikamweleza habari ya kukamatwa getini. Akasema, "Sasa karatasi iko. Twende."

Tukaenda. Nilibeba kuku wa kukaanga na fulana mpya. Askari wa kike pale mapokezi alitafuta jina kwenye kompyuta, akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema ni mkewe. Akashusha sauti.

"Mama, huyu aliachiwa. Kesi ilifutwa kabla ya Pasaka."

Kabla ya Pasaka! Mama yangu aliugua wakati wa baridi, Pasaka imeshapita zamani! Ina maana ile simu ya kilio, lile genge, kile kisu... Alikuwa nje! Anatembea! Anakula!

Sikulia. Hasira zilinikausha machozi. Tulikwenda moja kwa moja Malvern, tukamkuta Dudu anaanika nguo. Hakushtuka hata kidogo!

"Ni kaka yangu, makoti. Ulitaka nimsaliti?"

Nikamuuliza, na pesa? Akasema alimpa mwenyewe, nyingine Vusi alimwambia achukue. Alisema hivyo huku anaendelea kuanika!

Mama Divine ndiye aliyembana mpaka akatutajia mahali: fleti moja huko Randburg, humuhumu Johannesburg.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyevaa nguo za ofisini. Nilipomwambia mimi ni nani, alishika ukuta. "Lakini aliniambia mliachana... ulirudi Tanzania!" Nyuma yake akatokea Vusi na soksi miguuni, kikombe cha chai mkononi. Kanenepa!

"Eish, Mama Nomsa... usipige kelele, majirani watasikia."

Nilipiga kelele! Nilipiga kelele mpaka watu wakachungulia madirishani. Nilimwambia mama yangu yuko kaburini, na nauli yangu ya kwenda kumwona ndiyo iliyomnenepesha. Mnajua alinijibu nini? Alisema hakudhani mama atakufa.

Baadaye wajomba zake walikuja kwangu, wakanywa chai yangu, wakaniomba nimsamehe kwa ajili ya mtoto. Niliwauliza ni nani kati yao atakayenirudishia mazishi ya mama yangu. Wakaweka vikombe chini, wakaaga. Vusi nimemwacha, na sijamsamehe. Kanisani wananiombea nilainike. Waache waombe!

Dada zangu mlio ugenini, msikubali mwanamume awe ndiye mwenye kibali chenu mkononi. Hofu yangu ndiyo waliyoitumia kunifunga. Na ukiwa na mtu wako mahabusu, usimpe ndugu yake pesa kabla hujajua mtu wako yuko wapi. Nenda mwenyewe. Kama huna karatasi, mtume mtu baki, asiye damu yao, aulizie jina lake pale getini.

Na mama yako akikuita... nenda! Nakuomba, nenda. Mwanamume anayekupenda, hata akiwa ndani ya pingu, atakwambia mwenyewe: nenda kamwone mama.