Chuma cha Ethi Nyuma ya Kiwanda

Kulianza na kitaa kidogo cha kijani kilichogoma kuzimika.

Mama Fyuzi alikuwa amesimama mbele ya kabati la umeme la kiwanda cha sabuni, paji la uso limeegemea mlango wa bati, macho mazito kama yamemwagiwa mchanga. Alikuwa fundi umeme pekee aliyebaki. Mwenzake aliacha kazi, hakuletwa mwingine, na zamu zote zikamwangukia yeye. Ndani ya kabati hilo ndimo lilimokaa sanduku la PLC, ambalo wafanyakazi waliliita Ubongo kwa sababu ndilo lililosikiliza vitufe vyote na kuamua mota ipi izunguke, ipi itulie. Kila kitufe kilikuwa na kitaa chake. Ukikibonyeza kinawaka, ukikiachia kinazimika. Sasa kitaa cha pipa la kuchanganyia sabuni kilikuwa kinawaka na hakuna aliyebonyeza.

"Kipara! Umegusa kitufe cha pipa?"

Kipara, mwendesha mashine, aliinua mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Mmoja ulikuwa na mkate. "Labda nimekigusa kwa macho."

Mama Fyuzi alichukua bisibisi, akauchomoa waya uliotoka kwenye kitufe. Kitaa kikabaki peke yake, hakijashikana na kitu. Kiliendelea kuwaka. Na kabati, lililozoea kunuka vumbi na plastiki ya moto, likatoa harufu ya udongo uliolowa mvua, ilhali nje jua lilikuwa linapasua mawe.

"Ni usingizi," alijisemea, akafunga mlango. Mchana kutwa aliusikia mlio mwembamba ukitoka mle ndani, kama mtoto anayelia akiwa ndani ya blanketi.

Siku iliyofuata pipa lilikuwa la kusafishwa. Kazi hiyo ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake, kijana mpole aliyekuwa akingoja mtoto wake wa kwanza. Alipaswa kuingia ndani ya pipa kupitia kidirisha cha ubavuni na kukwangua sabuni iliyogandia kwenye mapanga ya kukorogea.

Mama Fyuzi hakuwahi kumwingiza mtu humo kwa kutegemea Ubongo. Alizima swichi kuu, akaitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Akapima nyaya za mota kwa testa, mmoja baada ya mwingine. Zote zilikuwa zimekufa. Akamwambia Kipara abonyeze kitufe cha kuwashia. Kimya.

"Ingia, shemeji. Hata Ubongo ukiamua kuwa kichaa, mota haina cha kula."

Shemeji akaingia, wakasikia mkwaruzo wa kikwanguo chake, kwaru, kwaru, na Mama Fyuzi akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafumba macho kidogo tu, na hapo ndipo ile harufu ya udongo mbichi ilipomjia tena, ikiwa nzito safari hii, ikimkaa kooni, na ule mlio wa mtoto ukapanda kutoka kwenye kabati ukawa mkali, na kabla hajainuka akaiona shafti ya pipa inatikisika, inasita, kisha inazunguka polepole kama mtu anayejigeuza kitandani, huku kufuli likiwa limefungwa palepale, huku ufunguo ukiwa umelala kifuani pake, na ndani ya pipa shemeji yake akipiga kelele ambazo hakujua kama mwanaume mzima anaweza kuzipiga.

Walimvuta kwa miguu. Panga lilikuwa limechana buti na kumvunja vidole viwili. Wangechelewa kidogo, wangetoa vipande.

"Shemeji," alinong'ona, midomo myeupe, "mle ndani kulikuwa na mtu. Alinishika kiwiko. Mkono wake ulikuwa wa moto."

Meneja alikuja, akalitazama kufuli, akamtazama Mama Fyuzi macho yake mekundu. "Mama, una hakika ulifunga kabla na si baada?"

Mama Fyuzi alimwonyesha ufunguo uliokuwa bado shingoni. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

Kipara ndiye aliyemtaja shangazi yake. Shangazi huyo alikuwa mshona nguo, na watu waliosumbuliwa na majini walimfuata hukohuko kwenye cherehani yake. Alifika saa za mchana na futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, akilalamika kuwa ameacha sare za shule hazijatiwa vifungo. Alilizunguka kabati. Akanusa. Akaweka kiganja kwenye bati, akakiondoa haraka.

"Huyu hakutumwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ana shida zake. Nani atamkopesha mdomo?"

Hakuna aliyejitolea, lakini Kipara, aliyekuwa nyuma yao, alikaa chini ghafla kama gunia lililokatwa kamba. Shingo ikalegea. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke, kavu, ya mtu asiyeyajua tena mapumziko.

"Zimeni hicho kitu."

Shangazi alipiga magoti mbele yake. "Kitu gani, mama?"

"Chuma. Mmekipitisha kwenye paa langu hadi kitandani kwa mwanangu. Kinavuma usiku na mchana. Mtoto halali. Mtoto akikosa kulala, nami silali."

Mama Fyuzi alikumbuka. Baada ya mvua kuharibu chuma cha zamani cha ethi, kile cha kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, yeye na shemeji walikuwa wamepigilia kipya nyuma ya kiwanda. Shemeji alikishika, yeye akapiga nyundo. Kiligoma, kisha kikapenya ghafla, na shimoni kukatoka pumzi ndefu. Walicheka wakasema ardhi imepumua.

"Nilipanda na waya wenu," sauti iliendelea, "niwatafute."

"Haiwezekani," Mama Fyuzi alijikuta anasema. "Mle ndani nyaya zimetenganishwa. Kutoka nje hadi kwenye Ubongo hakuna waya unaogusana na mwenzake. Kinachovuka pale katikati ni mwanga tu."

Kichwa cha Kipara kiligeuka kumtazama. Macho yalikuwa meupe yote.

"Na mimi nimeumbwa kwa nini?"

Kila aliyekuwepo alijua kuwa majini wameumbwa kwa moto, na moto ni mwanga.

"Wewe ulipiga nyundo. Yeye alishika. Yeye anangoja mtoto, nimeusikia moyo wake akiwa pipani. Jua likizama chuma hakijatoka, nitamchukua wake anyamazishe wangu."

"Mama mwenzangu," Mama Fyuzi alisema. "Hatukujua kuna mtu."

"Hamkuuliza."

Meneja alisema bila ethi mashine haziruhusiwi kuwaka, na sabuni ya wateja ilikuwa haijaisha. Mama Fyuzi alimpita bila neno, akaenda kwenye swichi ya kiwanda kizima, akaishusha. Mashine zote zikafa pamoja. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hadi watu wakajishika masikio.

Walikichimbua chuma wote, hata shemeji, aliyekataa kubaki kwenye gari la kumpeleka hospitali na mguu wake uliofungwa bandeji. Kilitoka shingo upande, kinapinga, kisha kikateleza. Ncha yake ilikuwa na kitu cheupe, vuguvugu, kinachonuka maziwa ya mama. Shangazi aliipangusa kwa kitambaa, akakiacha kitambaa kile shimoni, wakafukia. Ule mlio uliomtesa Mama Fyuzi ulipungua, ukawa kwikwi, ukaisha. Kipara akazinduka akiuliza nani amemalizia mkate wake.

Lakini meneja alitaka mashine ziwake asubuhi, na mashine zilitaka ethi.

"Pigilieni kwingine," shangazi alisema akikunja futi yake. "Ila safari hii pigeni hodi. Mkiitikiwa, ombeni radhi, msogee."

Mama Fyuzi aliona haya, lakini haya ilikuwa nyepesi kuliko yaliyowapata. Kando ya ukuta aliinama, akagonga ardhi kwa kifundo cha kidole. "Hodi."

"Nani?" mzee mmoja alijibu kutoka chini, kwa hasira ya mtu aliyeamshwa.

Waliomba radhi. Walisogea hadi kwenye tangi la maji, na huko mtu alikohoa. Chini ya dirisha la ofisi palikuwa na minong'ono mingi iliyonyamaza kwa pamoja alipoinama. Shemeji alikikumbatia chuma kifuani. "Kwani wapo wangapi?"

"Sijui. Usihesabu."

Karibu na geti aligonga, akaita hodi, akasubiri. Akaita tena. Hakuna aliyeitika. Shemeji alisimamisha chuma, Mama Fyuzi akainua nyundo, mabega yakimuuma, akapiga mara moja tu. Kilizama chote bila ubishi, kikabakiza kichwa cha kufungia waya. Walitazamana. Alikuwa amechoka mno kukimbia, naye shemeji hakuwa na mguu wa kukimbilia. Basi alipiga magoti, akaufunga waya wa ethi, akaikaza nati kadiri mkono ulivyoruhusu.

Alipouachia, mtu aliyekuwa chini aliuvuta waya mara mbili, taratibu, kama fundi anayehakikisha umeshika.