Mshikio wa Bibi

Kila akitoka shule, Chapuchapu alipitia karakana ya shangazi yake, fundi seremala. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu ya haraka zake: akiosha sufuria, masizi yalibaki chini.

Siku moja kazi ilikuwa ya nyumbani. Bibi, aliyevunjika nyonga, alikuwa akirudi kutoka hospitali, na daktari alitaka atembee kila siku ili miguu isimgomee kabisa. Shangazi alikuwa amechonga mshikio mrefu wa mbao wa kufunga ukutani, kutoka chumbani hadi msalani.

"Piga msasa, kisha fumba macho upapase," alisema. "Usiniambie tu kwamba si laini. Pakiwa na vinundu, nitapiga randa. Pakikwaruza, rudia msasa. Pakichoma, pana vibanzi, na hapo usipaache hata kidogo."

Chapuchapu alisugua upande wa juu mpaka ukateleza. Alipofikia wa chini, mikono ilikuwa imechoka, na nje wenzake walikuwa wakiruka kamba.

"Tayari, shangazi."

"Umepapasa kote?"

"Kote."

Gari lililomleta Bibi lilikuwa njiani, kwa hiyo shangazi aliufunga mshikio ukutani bila kuukagua.

"Mke mwenzangu, njoo uone ninavyokimbia," Bibi alimtania Chapuchapu alipofika, akaushika mshikio. Alipiga hatua chache, mara akauachia ghafla na kuyumba. Shangazi alimdaka. Kibanzi kilikuwa kimemzama kidoleni.

"Nirudisheni kitandani. Sitaki kuanguka tena."

Kesho yake hakuinuka. Alilala ameelekea ukutani, wala hakutania mtu.

"Kosa ni langu," shangazi alisema kwa huzuni. "Sijui nilipitiwa wapi."

Chapuchapu alimsogelea. "Si wewe, shangazi. Upande wa chini sikuugusa. Nilikudanganya."

Shangazi alimpa msasa. "Papasa uniambie."

Chapuchapu alifumba macho. "Hapa pana kinundu. Hapa panakwaruza. Hapa..." Alirudisha kidole haraka. "Hapa panachoma."

Walifanya kazi pamoja mpaka mkono ukapita bila kukwama. Kisha Chapuchapu akaenda kwa Bibi na kumweleza yote, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe ulitaka kunimaliza ubaki na babu yako peke yako?" Bibi alisema. "Haya, niinue."

Bibi alipapasa kwanza upande wa chini, polepole, ndipo akauegemea. Akapiga hatua moja, kisha nyingine.

"Uliposugua palikuwa panaonekana," shangazi alimwambia Chapuchapu. "Vidole vya Bibi vinashika pasipoonekana. Ungesema umechoka, ningemalizia mimi. Kuchoka si kosa, mwanangu. Kosa ni kusema umemaliza."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Bibi naye alikuwa amefika mlango wa msalani, akageuka na kuwauliza kama walikusudia kumsindikiza mpaka ndani.