Waliozaliwa Chini ya Jukwaa

Kengele ya mwisho ilikuwa imelia zamani na wavulana wote wameshakwenda makwao. Ndivyo ilivyo shule ya kutwa: jioni ikiingia, hata mwangwi huondoka.

Mwalimu wa historia alivuka uwanja akiwa na funguo mkononi. Wavulana walimwita Tai, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni. Alisoma hapo, akawa kiranja mkuu hapo, na sasa shule ilipotimiza miaka sitini, mkuu wa shule alikuwa amemtwika kazi ya kuandika kijitabu cha historia yake. Zilibaki picha za zamani tu, na sanduku la picha hizo lilikuwa chini ya jukwaa la ukumbi.

"Mwalimu, usikawie," mlinzi alimwambia. "Giza likiingia, mimi ukumbini siingii."

"Unaogopa panya?"

Mlinzi hakucheka.

Kijimlango cha chini ya jukwaa kilikuwa na komeo la chuma. Tai alilivuta, akainama, akaingia kwa magoti huku akimulika kwa simu. Harufu ikamlaki. Vumbi. Chaki. Na harufu nyingine... ya mkojo wa mtoto aliyebanwa akashindwa kuvumilia.

Hapo ndipo ilipofanyika mila iliyoitwa Kuzaliwa. Kila mvulana mgeni aliingizwa humo, akakaa gizani kimya, hadi kiranja mkuu aseme, "Toka, ndugu." Akitoka anapigiwa makofi. Anayetoka kabla ya kuitwa anaitwa kifaranga mwaka mzima. Kwenye kijitabu Tai alikuwa ameandika: mila iliyojenga undugu.

Hakuandika habari za Ijumaa ile.

Mwaka wake wa ukiranja alikuja mvulana mdogo, mtoto wa dobi aliyefua jezi za shule. Tai alimwingiza chini ya jukwaa, akafunga komeo, kisha akaitwa na wenzake kwenda kucheza mpira. Akasahau. Lakini usiku, kitandani, alikumbuka. Aliogopa kumwamsha baba yake. Akavuta shuka.

Jumamosi yule dobi, mama wa mtoto, alibisha mlangoni kwao, macho yamemvimba. "Baba, hukumwona mwanangu?"

"Sijamwona, mama," Tai akajibu.

Jumatatu alfajiri alifungua komeo. Mtoto akatoka. Shati safi, limenyooka. Hana njaa, hana kiu. Anatabasamu. Wenzake wakapiga makofi, na Tai akapiga pia. Ni mama wa mtoto tu, alipoletewa pale getini, aliyerudi nyuma hatua mbili.

"Huyu si wangu," alisema.

Watu wakasema uchungu umemvuruga akili.

Sasa Tai alilikamata sanduku na kuanza kulivuta. Likakwaruza sakafu. Akasita apumzike.

Mkwaruzo ukaendelea.

Akabana pumzi. Kule mwisho kabisa, mwanga wa simu usikofika, kitu kilijikunyata. Kisha ikaja sauti, nyembamba, kavu, ya mtu ambaye hajaonja maji siku nyingi.

"Kaka kiranja..."

Tai akaliachia sanduku.

"Kaka kiranja, nimekaa kimya. Nitoke?"

Maneno mawili tu. Toka, ndugu. Yalimfika kwenye ulimi. Lakini akawaza: akitoka, atasema nani alimfungia. Na wote watajua. Mwanamume wa miaka hamsini na sita, mvi kichwani, akarudi kinyumenyume kwa magoti, akatoka, akasukuma komeo.

Kwa ndani kukagongwa mara moja. Taratibu. Kwa adabu.

Miguu yake ndiyo iliyompeleka kwa yule dobi, nyuma ya shule. Alimkuta, sasa bibi kizee, anakunja shuka kwenye mwanga wa taa. Hakuuliza alichojia. Alimtazama magoti yaliyojaa vumbi.

"Umemsikia," alisema.

Tai akaitikia kwa kichwa. Na hapo, baada ya miaka arobaini, akamweleza yote: komeo, mpira, shuka alilojivutia. Bibi alimaliza kukunja shuka.

"Yule mliyenipa nilimlea," alisema hatimaye. "Nilimpa chakula, nilimfulia. Hakuniita mama hata siku moja. Alipokua akaondoka, wala hakugeuka." Akaisogeza taa. "Anamngoja kiranja wake tu. Alikuuliza kama atoke?"

"Ndiyo, mama."

"Ukamwambia nini?"

Tai akapangusa vumbi magotini. Mbwa alibweka mbali.

"Nilimwambia atoke."

Bibi kizee akainuka, akashika ukuta, akaufungua mlango wote hadi mwisho. "Basi nenda, mwanangu. Akikukuta hapa ataogopa."

Sherehe ilifanyika. Kijitabu kiligawiwa, mila ya Kuzaliwa ikiwa ukurasa wa nne. Wakati wa wimbo wa shule, waliokaa mstari wa mbele walisikia kitu kikigonga chini ya miguu ya wageni waliokaa jukwaani. Mkuu wa shule akasema ni panya.

Majirani wanasema bibi hafungi tena mlango, mvua inyeshe au baridi iume. Juzi alijikongoja na fimbo hadi getini, akamngoja Tai mpaka akatoka na wavulana. Akamshika mkono.

"Mwanangu, labda amepotea njia. Ulimwambia kweli?"

Wavulana walikuwa wanatazama. Tai akainamisha macho.

"Kweli, mama."